Upepo wa Shimo la Kumi na Nne

Dougal Rennie hakuwa mtu wa maneno mengi. Kazi yake ilikuwa kuezeka nyumba kwa vigae vya mawe, na mtu anayeshinda juu ya paa kutwa nzima huzoea kusemezana na shakwe tu. Portlurrie, mji wetu mdogo wa pwani, kulikuwa na mafundi wa kila namna, lakini ukisema Fundi bila kutaja jina, kila mtu alijua ni yeye. Mimi nilikaa mlango wa tatu kutoka kwake. Mengine katika haya niliyaona kwa macho yangu, mengine niliambiwa na wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake na kwa namna yake.

Uwanja wetu wa gofu ni wa tangu kabla ya reli. Ni mali ya mji, si ya matajiri. Mwoka mikate anacheza, mchuuzi wa samaki anacheza, mwalimu wa kwaya anacheza akiwa na viatu vya kanisani. Fundi alianza akiwa na miaka saba, na alipofika thelathini na nne hapakuwa na mtu mjini wa kumbabaisha. Alikuwa mfupi, mabega mapana, na alipopiga mpira ulisikia mlio mmoja mkavu, kama kigae kinapokatwa vizuri.

Ilikuwa Jumamosi ya Mei, mwaka wa sabini na nane. Fundi alikuwa anacheza na Sandy Cruden, mwenye duka la mikate, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Yalibaki mashimo matano kati ya kumi na nane, na Fundi alikuwa anaongoza mashindano kwa mapigo mawili. Alilijua hilo. Habari za namna hiyo hutangulia mbele ya mtu uwanjani.

Shimo la kumi na nne linaanzia juu ya kilima. Chini, hatua kama mia mbili, njia ya watu waendao pwani inakatisha uwanja, ina lango dogo la mbao upande wa huku na ukuta wa mawe upande wa pili. Anayejiamini huurusha mpira juu ya njia na ukuta. Asiyejiamini hupiga kifupi, akakubali kupoteza pigo moja. Sheria ni moja na ni ya kale: mtu akiwa njiani, unangoja. Na mpira ukimponyoka mchezaji ukaelekea kwa mtu, anapiga ukelele, "Foo!" Hakuna mtoto wa Portlurrie asiyeujua ukelele huo. Akiusikia hata akiwa sokoni, hujiinamia akashika kichwa.

Fundi alikiona kitambaa cha bluu, kichwani mwa mtu, pale langoni. Alikiona vizuri kabisa. Akapima kwa jicho, akajiambia kwamba mpaka mpira ufike mwenye kitambaa atakuwa ameshavuka. Upepo ulikuwa wa magharibi, unamsukuma mgongoni, na upepo wa namna hiyo mchezaji haupati kila siku. Akapiga.

Mpira ukapinda kuliko alivyotaka. Kutoka fimboni hadi njiani kuna pumzi nne au tano. Muda huo unatosha kabisa kupiga ukelele, tena mara mbili. Fundi hakufungua kinywa. Alikuwa anautazama mpira, anautakia upite ukuta.

Mwenye kitambaa alikuwa Netta Buchan, mshonaji wa barabara ya kanisani, bingwa wa wanawake wa klabu yetu mara nne. Alikuwa amegeuka kufunga lango nyuma yake. Mpira ulimpiga jicho la kushoto, na jicho hilo halikuona tena.

Polisi alipokuja alikuta watu wamejaa pale njiani, Fundi amepiga magoti kwenye nyasi, mikono yake ina damu isiyo yake. Akauliza swali moja tu lililokuwa na maana: mtu huyu alionywa?

Sandy ndiye aliyejibu. "Alionywa, afande! Huyu alipiga ukelele mpaka masikio yangu yakawasha. Ni upepo. Upepo ndio uliochukua sauti."

Polisi akamtazama Fundi. Fundi akafungua kinywa, akakifunga. Polisi aliandika.

Basi hivyo ndivyo ilivyokaa kwa miaka sita. Mji mdogo hauwezi kuacha jambo bila kulipatia mkosaji, na kwa kuwa Fundi alipiga ukelele, mkosaji akawa Netta. Wanawake kwenye foleni ya mikate walisema, "Maskini, lakini naye! Mcheza gofu mzima, anapigiwa ukelele, anasimama tu kama kigingi." Wengine walisema alikuwa anaota. Wengine, wenye ndimi chafu zaidi, walitaja jina la mwanamume wa hizo ndoto zake. Netta aliyasikia yote. Alikuwa akitia uzi kwenye sindano kwa kupapasa kwa ulimi na kidole, na wateja waliokuja kupunguziwa sketi walimtazama kwa huruma yenye lawama ndani yake, kama mtu aliyeacha jiko likiwaka.

Fundi hakuacha gofu. Ingekuwa kama kukiri. Ila tangu siku ile, kwenye shimo la kumi na nne alipiga kifupi, kila mara, hata njia ikiwa tupu, hata jua likiwaka na mtu yeyote haonekani mpaka baharini. Watu walisema ni heshima. Sandy peke yake ndiye aliyekuwa na mzaha wake. Wakiwa wawili, Fundi akimkatalia jambo dogo, kumwazima ngazi au kumfuata baa, Sandy alicheka akamgonga begani: "Wee, usisahau shahidi wako ni nani." Ulikuwa mzaha tu. Fundi aliniambia baadaye kwamba kila alipousikia, alijiona kama amekanyaga kigae kilicholegea.

Netta naye alirudi uwanjani mwaka wa tatu. Jicho moja halijui umbali. Alipiga hewa, alipiga udongo, aliusukuma mpira nusu hatua pembeni ya shimo akidhani ameulenga katikati. Alikuwa anacheza asubuhi, peke yake, watu wakiwa bado kwenye uji. Mwaka wa tano alianza kuwashinda wenye macho mawili.

Kila Septemba klabu ina mashindano ya wawili wawili, mwanamume na mwanamke, mpira mmoja. Mnapokezana: huyu akipiga, linalofuata ni lako, na wanaopata mashimo mengi ndio washindi. Mmoja anaanzisha mashimo ya witiri, mwingine ya shufwa. Majina huchaguliwa kwa kura kutoka kwenye kofia ya kapteni wa klabu. Mwaka wa themanini na nne kapteni alitia mkono, akatoa karatasi, akasoma, "Dougal Rennie." Akatia mkono tena. Akaisoma ile ya pili kimoyomoyo, akakohoa.

"Bi Netta Buchan."

Kapteni akasema haraka, "Hii tunaweza kuirudia, hakuna ubaya, nadhani kila mtu..."

"Majina yametoka kwenye kofia," Netta alisema kutoka kwenye kiti chake. "Yaache."

Fundi alikuwa karibu na mlango. Niliona shingo yake ikiwa nyekundu mpaka masikioni.

Walicheza mechi nne kabla ya fainali, na katika mechi hizo zote sidhani walibadilishana maneno hamsini. "Upande wa kushoto pana maji." "Nimeona." "Zamu yako." Basi. Netta alianzisha witiri, Fundi shufwa. Maana yake kumi na nne ilikuwa ya Fundi. Kila mara walipofika pale kilimani, Fundi alitoa fimbo fupi, akaurusha mpira mbele kidogo tu, na Netta alipiga la pili bila neno. Kila mara walilipoteza shimo hilo, na kila mara walishinda mechi, kwa sababu wote wawili walikuwa wachezaji kwelikweli. Mechi mbili zilichezwa kwa upepo wa baharini, moja kwa ukungu, moja hakukuwa na upepo kabisa. Hayo mimi sikuyatia maanani. Netta aliyatia.

Fainali iliangukia Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Upande wa pili alikuwa Sandy, amepata kwa kura Effie Tulloch, mkutubi wa mji, mwanamke mwembamba, mkali, asiyependa kushindwa hata kwenye karata. Tulikuwa watu kama thelathini tuliowafuata. Upepo ulikuwa wa magharibi, mkavu, unavuma sawasawa, unazilaza nyasi ndefu kuelekea baharini.

Sandy alikuwa na raha zake. "Fundi, leo ukianguka hakuna paa, utaumia kidogo tu!" Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Walikwenda hivyo, huyu akipata shimo, yule akirudisha, mpaka walipotoka kwenye shimo la kumi na tatu wakiwa sare.

Tulipanda kilima. Sisi watazamaji tulisimama kwenye ukingo wa nyuma, hatua kama thelathini kutoka kwao, maana pale juu nafasi ni ndogo. Katika mchezo ule, asiyeanzisha shimo hutangulia mbele ili awe karibu na mpira utakapoanguka. Effie alibaki, akifunga kamba ya kiatu. Netta alichukua fimbo moja akaanza kushuka. Mechi zote zilizopita alishika kushoto, mahali mpira mfupi wa Fundi ulipokuwa ukianguka. Safari hii hakushika kushoto. Alishuka moja kwa moja mpaka njiani, akafika langoni, akageuka akatutazama. Akasimama.

Fundi alikuwa ameshainama kuweka mpira. Aliinuka.

"Anafanya nini yule?" Sandy akauliza.

Netta alikuwa amesimama palepale aliposimama miaka sita nyuma, hatua moja ndani ya lango, mkono wake wa kushoto juu ya mti wa lango. Hakuwa na kitambaa, nywele zake zilikuwa zinapeperuka mbele ya uso. Hakusogea.

Fundi alimpungia mkono atoke. Netta hakutoka. Alimpungia tena, mikono miwili. Netta alikuwa kama hamwoni. Mpira ulikuwa juu ya kijiti chake, hakuna aliyekuwa na nia ya kuupiga, lakini mama mmoja karibu yangu akasema taratibu, "Jamani, mtoeni yule mtu."

Ndipo Fundi alipoita. "Foo!" Aliita kwa nguvu ya kifua chote, sauti ya mtu aliyezoea kumwita msaidizi kutoka juu ya paa.

Netta akainua mkono wake wa kulia juu kabisa, saa ileile, kama mtoto anayejua jibu darasani. Akaushusha.

Fundi akabaki ameduwaa. Nadhani alianza kuelewa. Sandy alielewa kabla yake, kwa sababu alimshika kiwiko akasema, "Piga kifupi tu, bwana, tuondoke hapa. Huyu mama amechanganyikiwa."

Fundi aliuchomoa mkono wake. Akageuka tena kuelekea chini, na safari hii hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwambia mtu wa ng'ambo ya barabara, "Bi Netta, ondoka hapo, nakuomba."

Netta akainua mkono tena.

Kisha akaacha lango, akaanza kupanda kurudi. Kilima kile si kirefu lakini ni cha kukata pumzi, na hakuharakisha. Tuliweza kumwona anavyoweka miguu, kichwa kimeinama upande, namna yake ya kutafuta ardhi kwa jicho moja. Alipofika juu alisimama mbele ya Fundi akatweta mpaka pumzi ikamrudi.

Yaliyosemwa pale sisi wa nyuma hatukuyasikia, upepo ulikuwa unatutoka mgongoni ukiyapeleka chini. Haya, na yale ya Sandy na Fundi niliyotangulia kuyataja, nilipewa na Effie, na Fundi aliponisimulia hakubadilisha hata neno.

"Mara mbili," Netta alisema. "Ya kwanza nimeisikia kama uko mlangoni kwangu. Ya pili hata sauti hukupaza." Akamgeukia Sandy. "Siku ile upepo ulitoka wapi, Sandy wa mikate?"

"Mambo ya zamani hayo, dada. Tuko kwenye fainali."

"Nimekuuliza upepo."

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Ulitoka hukohuko unakotoka leo. Nilipoteza jicho, sikio liko palepale. Miaka sita nangoja mmoja wenu aje abishe hodi. Nilikuwa naacha mlango bila komeo."

Fundi aliangalia fimbo iliyokuwa mkononi mwake. Effie alisema midomo yake ilikuwa myeupe. "Sikupiga ukelele," alisema. "Nilikuona langoni. Nilidhani utavuka. Mpira ulipopinda nikakaa kimya, Bi Netta. Nilikuwa nautaka upite."

"Dougal!" Sandy alimkemea, kwa sauti ya chini.

"Uliniona," Netta alisema.

"Nilikuona."

Hilo Netta hakulitegemea. Alijua kwamba hakuonywa. Kwamba alionekana kabla ya mpira kupigwa hakulijua. Effie anasema alirudi hatua moja nyuma, akakaa kwenye kibao wanachokalia wachezaji wanaosubiri zamu. Fundi alitaka kumkaribia, akamzuia kwa kiganja.

"Wewe Sandy," Effie akasema, "uliusikia huo ukelele au hukuusikia?"

"Nilidhani niliusikia."

"Ulidhani!"

"Rafiki yako amepiga magoti, mikono ina damu, polisi anauliza! Ungesema nini wewe?"

Netta aliinuka, akamkabili Fundi. "Haya. Jioni klabuni, mbele ya watu wote walioniita kigingi, utasema hivyo ulivyosema hapa. Usiongeze, usipunguze."

"Nitasema," Fundi alisema.

"Basi piga mpira. Mechi haijaisha. Na nimechoka kupoteza shimo hili kila wiki kwa ajili ya heshima zako."

Effie ndiye aliyeshuka njiani kuangalia, akasimama kando kabisa ya lango, akainua fimbo kuonyesha kwamba njia ni tupu. Sisi wa nyuma tuliona tu kwamba Fundi amerudisha fimbo fupi mkobani na kutoa ile ndefu, na mnong'ono ukapita kati yetu. Alijipanga, akaacha. Akajipanga tena, akaacha, akapangusa viganja kwenye suruali. Mara ya tatu akapiga. Haukuwa mlio wake ule mkavu. Mpira uliondoka chini, ukapanda kwa shida, ukaipita njia, ukagonga jiwe la juu la ukuta, ukaruka upande wa pili. Hakuna aliyepiga makofi. Tulikuwa hatujui tupigie nini.

Fundi na Netta walilipata shimo lile, kwa sababu Sandy aliurusha wa kwake vichakani kwenye miiba. Lakini kutoka hapo Fundi hakuwa mchezaji tena. Kwenye kumi na tano alipiga mchanga. Kwenye kumi na sita aliusukuma mpira ulio hatua mbili tu kutoka shimoni, ukalipita kwa hatua nne. Netta alikuwa anaokoa, anaokoa tena, uso umefungwa. Sandy, na hili watu wengi hawaliamini nikiwaambia, alicheza vizuri kuliko alivyowahi kucheza maishani. Pengine hofu humpa mtu mkono mtulivu.

Wakitembea kwenye kumi na saba, Sandy alimfuata Fundi kando. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Fikiria, bwana. Nina duka. Watu wananunua mkate kwa mtu wanayemwamini."

"Nitasema ya kwangu tu."

"Ya kwako na ya kwangu ni moja, we mjinga! Ukisema hukuita, mimi nimekuwa nani?"

Fundi alisimama. "Nilipaswa kusema siku ileile, Sandy. Ningekuokoa na wewe."

"Mimi ndiye niliyekuokoa wewe!" Sandy alisema, na machozi yalikuwa yamemlenga. Akatangulia kwa hatua ndefu.

Sandy na Effie walishinda kwenye shimo la mwisho. Netta alikuwa na mpira wa hatua moja kuokoa mechi, upande ambao jicho lake halimsaidii, akaukosa kwa upana wa kidole. Akapeana mikono na wote watatu, hata na Sandy.

Jioni klabu ilijaa. Palikuwa na supu ya shayiri na mikate ya nyama, mikate ya Sandy mwenyewe, ya moto. Kapteni akasema maneno yake ya kila mwaka, akamkabidhi Effie kombe, Effie akampa Sandy alishike, kwa sababu yeye mwenyewe alisema hataki. Sandy alikuwa amelishika kifuani kwa mikono miwili Fundi aliposimama.

Mtu wa maneno machache akisimama, watu hunyamaza upesi. Nilimwona Netta kwenye meza ya dirishani, mgongo wima, macho mezani.

"Mwaka wa sabini na nane," Fundi alisema. Akanywa maji. "Mwaka wa sabini na nane, Mei, pale kumi na nne. Bi Netta hakuonywa. Mimi nilimwona langoni nikapiga hivyohivyo, na mpira ulipomwendea sikupiga ukelele. Mmesema mengi juu yake miaka sita. Mimi nilikuwepo mkiyasema. Nilikuwa nayasikia kwenye foleni." Akaweka gilasi ya maji mezani. "Ni hayo."

Hakukaa. Nadhani alisahau.

Mzee mmoja wa meza ya mbele, mtu mwema, asiye na hila, akauliza kwa mshangao kabisa, "Lakini mbona Sandy alisema alisikia?"

Vichwa vyote viligeuka. Sandy alikuwa amesimama peke yake na kombe lake. Alitazama meza baada ya meza, nyuso alizoziuzia mkate tangu ujana wake, na akajaribu kutabasamu. Kisha akaliweka kombe juu ya meza, polepole, kama kitu cha moto, akachukua koti lake, akatoka. Mkewe akamfuata akiwa bado ameshika kijiko.

Netta akasema, bila kuinua sauti, "Mtu anipatie chai, tafadhali." Wanawake sita waliinuka pamoja, wakagongana kwenye birika.

Klabu iliwafungia Fundi na Sandy wasicheze mwaka mzima. Wapo walioona ni kidogo, na wapo waliosema mambo yangeachwa yalivyokuwa, kwa sababu jicho halirudi. Wanawake wa foleni walianza kupita kwa Netta na sketi zisizohitaji kupunguzwa, na vikeki, na maua; alipokea sketi, vikeki akawapa majirani. Hakuna hata mmoja aliyemtamkia neno pole lenyewe. Fundi alikwenda siku ya Jumatatu, akabisha hodi, akalisema. Netta alimsikiliza mlangoni mpaka mwisho.

"Nimekusikia," alimwambia. "Kusamehe bado. Usije kuuliza kila wiki kama msamaha umefika." Akafunga mlango. Mwaka uliofuata alichukua ubingwa wa wanawake kwa mara ya tano, na wakati wa kupewa kikombe Fundi alikuwa nje barabarani, amefungiwa, akipiga makofi peke yake upande wa pili wa ukuta.

Sandy hakumsemesha Fundi tena. Duka halikufa, mkate wake ulikuwa mtamu mno kuachwa, lakini mizaha iliisha, na alimwachia mkewe kusimama kwenye meza ya mbele. Fundi alinunua mkate mji wa jirani, maili nne kwa baiskeli. Kumkosea Netta, Fundi aliniambia, kulimwuma kama kosa. Kumkosa Sandy kulimwuma kama msiba, na hakuwa na haki ya kulia kwenye msiba huo.

Januari ya mwaka wa themanini na sita ilikuja dhoruba iliyong'oa nusu ya vigae vya barabara kuu. Asubuhi yake mvua ilikuwa bado inapiga kwa ubavu. Paa la duka la mikate lilikuwa limefunguka juu ya tanuri, na Sandy alikuwa anahangaika na turubai na kamba, mtu wa miaka arobaini na mbili mwenye tumbo, hajui aanzie wapi. Fundi hakuitwa. Alifika na mkokoteni wake, akaegemeza ngazi, akapanda.

"Shuka!" Sandy alimpigia kelele kutoka chini. "Nani kakuita? Shuka kwenye paa langu!"

Fundi alitambaa mpaka kwenye mwanya, akaanza kuvuta vigae vilivyovunjika. Upepo ulimpiga kwa nguvu akalala kifudifudi, mguu mmoja ukateleza, ukarudi. Watu tuliokuwa barabarani tulipiga yowe. Ngazi chini ilianza kuhama kwenye mawe yenye maji, ikisogea inchi, ikisogea nyingine.

Sandy akaacha kupiga kelele. Akaitupa turubai, akaikimbilia ngazi, akaikumbatia kwa mikono miwili na kuikandamiza kwa tumbo lake lote.

Aliishika hivyo kwa saa nzima na zaidi, mvua ikimwingia shingoni. Hawakusemezana. Fundi aliposhuka, Sandy aliingia ndani, na mlango ukajifunga kwa upepo nyuma yake. Fundi alikuwa anapakia vifaa vyake mlango ulipofunguka tena. Alikuwa ni mke wa Sandy, ameshika mkate wa moto umefungwa kwenye kitambaa.

"Anasema uache kwenda kununua ule uchafu wa mji wa jirani," alimwambia.